Kengele Iliyolia Leicester



Ndugu wasomaji wetu wapenzi, katika ukurasa huu wa safari tumezoea kusimuliana habari za miji ya mbali na ya raha. Safari ya mwezi huu haikuwa ya mbali, wala haikuwa ya raha. Ilikuwa ni ya siku moja tu, kutoka London hadi Leicester na kurudi, na kilichotupeleka huko ni kengele ya wezi. Huenda msomaji akacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini kwa vile baadhi yetu tuna nyumba tulizozipangisha, na wengi zaidi ni wapangaji katika nyumba za watu, tumeona si vibaya kuyaeleza yaliyotufika, pamoja na makosa yetu wenyewe.

Nyumba yenyewe iko upande wa Highfields, mwendo wa miguu tu kutoka stesheni ya Leicester. Tulihamia humo mwaka 2003, na ndimo walimokulia watoto wetu. Mwaka 2005, siku ya Idi, tulirudi kutoka kusali tukakuta mlango wa nyuma umevunjwa na vitu vya thamani vimekwenda. Ndipo tulipoweka kengele: kisanduku kikuu ndani ya kabati lililo chini ya ngazi, kibao cha namba karibu na mlango, macho ya kunasa mwendo kwenye pembe za vyumba, na king'ora ndani ya kisanduku cheupe juu ukutani, mbele ya nyumba, kila apitaye akione. Mwaka 2018 kazi ikatuhamishia London, nasi tukaipangisha nyumba na kengele yake.

Wapangaji tulionao tangu mwaka 2021 ni jamaa wa Kibarawa: mume, mke, watoto wawili, na mama mzazi wa yule mke, ambaye tutamwita Bi Mkubwa kwa heshima yake. Mume hufanya kazi za usiku. Kodi yao haikuchelewa hata mwezi mmoja. Twayataja haya mapema ili msomaji afahamu kwamba tulilowatendea baadaye hawakulistahiki.

Mwezi wa Oktoba 2023 yule mama alitupigia simu kutwambia kuwa kengele imelia usiku wa manane pasi na sababu. Tukamjibu kwamba pengine mmoja wa watoto amechezea vitufe. Baada ya siku chache ikalia tena, naye akasema hawakuiwasha kabisa usiku ule. Tukamwambia, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba kengele isiyowashwa haiwezi kulia. Ilipolia mara ya tatu tukampeleka fundi wa kwanza tuliyempata, naye akabonyeza namba zake, akaituliza, akaenda zake. Gharama ya fundi huyo ilikuwa paundi 80, nasi tukawatoza wapangaji, kwa hoja kwamba wao ndio waliokosea kuitumia. Walilipa bila ya kusema neno.

Haukupita muda kengele ikarudia. Safari hii tulimwagiza mume wake kwa simu aizimie umeme kwenye fyuzi. Akafanya kama tulivyomwambia, na papo hapo king'ora cha nje kikapiga kelele kubwa kuliko zote zilizotangulia. Tukamsikia kwenye simu akisema, "Bwana, nimeizima na sasa ndiyo inalia zaidi!" Hatukuwa na jawabu.

Mwanzoni mwa Disemba tukaletewa barua kutoka halmashauri ya mji, ya adabu na ya wazi, ikitujulisha kwamba majirani wamelalamika juu ya kelele. Inafaa wasomaji waijue sheria hii. Hapa Uingereza, chini ya sheria ya mazingira na ujirani safi ya mwaka 2005, kengele ikilia mfululizo zaidi ya dakika 20, au kwa kukatakata zaidi ya saa moja, na ikawa yawaudhi watu wa jirani, afisa wa halmashauri anaweza kuingia katika eneo la nyumba na kuizima, baada ya kujaribu kumpata mwenye ufunguo. Kama hapana budi kuvunja mlango, ni lazima apate kwanza hati ya hakimu. Gharama zake zinaweza kumrudia mwenye dhamana ya nyumba. Tuliposoma neno "majirani," wazo letu lilikwenda moja kwa moja kwa bibi mmoja wa Kihindi aliye nyumba ya pili, ambaye tangu zamani tulimjua kuwa hapendi makelele.

Basi tukaamua kwenda wenyewe. Kabla ya hayo tuliwaandikia wapangaji barua ya kuomba kuingia. Sheria yamtaka mwenye nyumba anayetaka kuikagua ampe mpangaji taarifa ya maandishi saa 24 kabla, na aje kwa saa zinazofaa. Tunakiri kwamba ilitupa taabu kidogo kuandika "tunaomba ruhusa" ya kuingia nyumba ambayo funguo zake tunazo mfukoni. Lakini Muislamu hahitaji kufundishwa jambo hili na bunge la London. Tumelelewa katika adabu ya kubisha hodi, na hodi haimwangalii nani aliyejenga ukuta; yamwangalia nani anayelala ndani.

Jumamosi asubuhi tukapanda treni St Pancras, stesheni ile ya matofali mekundu iliyofunguliwa mwaka 1868. Kutoka hapo hadi Leicester ni mwendo wa saa moja na dakika chache kwa treni ya haraka. Ukishapita Luton na Bedford, nyumba hupungua na mashamba huanza. Siku ile yalikuwa yamefunikwa na sakitu nyeupe, na kondoo wamesimama kimya kama waliosahauliwa. Halafu Kettering, halafu Market Harborough, kisha paa za Leicester zikaanza kuonekana. Njia nzima tulikuwa tukipanga maneno ya kuwaambia wapangaji, na yote yalikuwa maneno ya kuwafunza namna ya kutumia kengele.

Nje ya stesheni ya Leicester pana sanamu ya Thomas Cook, ameshika mwavuli. Mtu huyu ndiye aliyekodi treni tarehe 5 Julai 1841 na kuwachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mtu, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Biashara ya safari za makundi aliyoianzisha ikaja kuenea duniani. Wachache katika sisi tunaopita hapo na masanduku yetu hufikiri kwamba safari hizo zilianza kwa ajili ya kuwaepusha watu na pombe.

Kutoka hapo tukapanda kwa miguu kuelekea Highfields, tukaupita Msikiti wa Conduit Street. Mitaa ile imejaa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za zama za Malkia Victoria, wakati mji huu ulipokuwa ukiishi kwa viwanda vya soksi na viatu. Wenye viwanda walikwenda zao, na nyumba zikapata watu wengine. Ukuta ulioshikana una faida yake na ila yake: joto la jirani hukufikia, na kikohozi chake pia. Kengele yetu basi haikuwa ikilia kwetu peke yetu.

Leicester ina uhusiano na Afrika ya Mashariki ambao vijana wetu huenda hawaujui. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipotangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda, na kuwapa siku 90, halmashauri ya Leicester ya wakati ule ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasiende Leicester, kwa kuwa mji umejaa. Walikwenda juu ya hayo, kwa maelfu, wakafungua maduka, wakafufua mitaa, na leo mji wenyewe hujivunia kuwa nao. Ndiyo sababu ukitembea katika mitaa ya Leicester hushangai kumsikia mzee wa Kigujarati akiitia bei kwa Kiswahili cha Kampala.

Tulipofika tukabisha hodi. Yule mama akatufungulia, akatukaribisha kwa uso mkunjufu, chai ya tangawizi ikaletwa kabla hatujakaa sawasawa. Bi Mkubwa alikuwa ameketi sebuleni. Tukamwamkia na kumpa mkono, naye akatujibu kwa Chimwini, lahaja ile ya Kiswahili ya Barawa, tamu ya kusikiliza, ambayo nusu twaifahamu na nusu twaikisia. Tukatambua kwamba amevaa viatu, tena viatu vya nje, vya kufunga kamba, hali ya kuwa wengine wote wa nyumba ile wako miguu mitupu kama ilivyo desturi yetu. Na karibu na mlango, pembeni, palikuwa na mkoba wa ngozi umefungwa.

Hatukuuliza. Binti yake ndiye aliyeona macho yetu yalipokwenda, akatueleza kwa sauti ya chini. Mwaka 1991 vita vilipoingia Barawa, walikimbia usiku, kwa jahazi, mpaka Mombasa, na mama yake alifika na watoto na bila ya karatasi hata moja. Tangu kengele ianze kulia usiku, Bi Mkubwa amerudi kulala na viatu miguuni, na vyeti vya nyumba nzima amevitia katika mkoba ule. "Twamwambia ni mtambo tu, umeharibika," akasema. "Yeye ajibu kwamba hata siku ile waliambiwa si kitu."

Ndugu wasomaji, maneno tuliyoyapanga ndani ya treni yalitutoka yote.

Saa sita akafika fundi wa pili, mtu mzima mwenye taratibu. Alianza kwa kitu ambacho sisi hatukukifikiria katika wiki zote zile: aliuuliza mtambo wenyewe. Kumbe kisanduku kikuu huweka kumbukumbu ya kila tukio, kwa tarehe na saa. Akaifungua, akatusomea. Kengele ilikuwa imelia mara 11. Katika mara hizo hapakuwa hata moja ambapo mtu alikosea namba ya siri, wala ambapo jicho la chumba lilinasa mwendo. Mara tisa sababu iliyoandikwa ilikuwa moja: kifuniko cha king'ora cha nje kimeguswa.

Akatufafanulia. Ndani ya kisanduku cha nje mna swichi ndogo inayokaa imebanwa na kifuniko. Mwizi akijaribu kukifungua, swichi huachia na king'ora hulia. Ulinzi huo hufanya kazi saa 24, iwe kengele imewashwa au haikuwashwa, kwani mwizi mwerevu huja kuiharibu kengele mchana, usiku akarudi kuiba. Akapanda ngazi, akakuta skrubu moja ya kifuniko imeoza kwa kutu, maji ya mvua yameingia, na swichi imefanya ukungu wa kijani. Usiku wa upepo kifuniko kilikuwa kikitikisika, na mtambo ukidhani mwizi yuko juu ya ukuta. Kwa hiyo lile jawabu letu, kwamba kengele isiyowashwa haiwezi kulia, lilikuwa si kweli.

Kisha akaitoa betri ya ndani, ile ya volti 12 inayoshika umeme wa nyumba ukikatika. Mbavu zake zilikuwa zimevimba. Juu yake palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mmoja wetu: 2014. Betri za namna hii, akasema fundi, hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ya kwetu ilikuwa imefika tisa, na ilikuwa imekufa. Hapo ndipo tulipofahamu pia kisa cha fyuzi. King'ora cha nje kina betri yake ndogo, na hukaa kimya maadamu kinapata umeme kutoka kisanduku kikuu. Umeme huo ukikatika, hufahamu kwamba nyaya zimekatwa, nacho hulia kwa nguvu zake chenyewe. Yule bwana alipozima fyuzi kwa amri yetu, betri iliyokufa haikuweza kushika, na king'ora kikafanya kama kilivyoumbwa kufanya. Yale matukio mawili yaliyosalia katika zile mara 11 yalikuwa hayo ya umeme kukatika.

Fundi alibadilisha betri zote mbili, akaweka kisanduku kipya cha nje, akayapangusa macho ya vyumbani, kwani buibui akitembea juu ya jicho huweza kuliamsha. Betri ya ndani, iliyokuwa chanzo cha fazaa ya fyuzi, haikuzidi bei ya paundi 25. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa tuliuacha kwa miaka, kisha tukamwambia mpangaji kwamba ni yeye aliyeutoboa.

Alipokuwa akifanya kazi, mlango ukabishwa. Alikuwa yule bibi wa Kihindi wa nyumba ya pili, amebeba sahani ya chapati iliyofunikwa kwa kitambaa. Tukajiandaa kuomba radhi kwa makelele. Yeye akatutazama, akasema kwa Kiswahili cha Jinja alikozaliwa, "Nyinyi mmekuja leo? Mimi nimekuja kila siku." Akapita moja kwa moja mpaka kwa Bi Mkubwa, akaketi karibu yake.

Ndipo tulipoelezwa mambo ambayo simu hazikutufikishia. Kila kengele ilipolia usiku na mwenye nyumba yuko kazini, bibi huyu alivaa koti lake juu ya nguo za kulalia, akaja kukaa na Bi Mkubwa mpaka kelele zikome. Mmoja ni Mhindi wa Uganda, mwingine ni Mbarawa. Mmoja alifukuzwa mwaka 1972, mwingine alikimbia mwaka 1991. Kiingereza chao wote wawili ni cha dukani tu, na lugha waliyoweza kuliwazana kwayo saa nane za usiku, katika mtaa wa Leicester, ilikuwa ni Kiswahili. Nani aliyeandika kwa halmashauri hatukuuliza, na alikuwa na haki ya kuandika. Lakini hakuwa yule tuliyemdhania.

Kabla ya alasiri fundi alijaribu mtambo kwa mara ya mwisho. Tulimwomba kwanza yule mama amweleze mama yake kwamba sasa italia, kwa makusudi, kwa muda mfupi, kisha itanyamaza. Bi Mkubwa akataka asimame mwenyewe mbele ya kibao. Fundi akamwonyesha, naye kwa kidole chake akabonyeza zile namba nne, na king'ora kikakatika. Akatugeukia, akasema neno moja la Chimwini ambalo hatukulifahamu, na binti yake akacheka bila ya kutufasiria.

Tukaomba radhi. Halikuwa jambo jepesi, kwani mwenye nyumba huzoea kuombwa. Tuliwarudishia paundi zao 80, na tukawaambia wazi kwamba hatukuwa na haki ya kuzichukua. Wala sheria ya nchi haikuwa upande wetu, kwani tangu mwaka 2019 mwenye nyumba hapa Uingereza amewekewa mipaka ya nini aweza kumtoza mpangaji zaidi ya kodi. Mume akazikataa mara ya kwanza, kwa uungwana. Tukamwambia azichukue ili tupate kulala. Akazichukua.

Ufunguo wa akiba, ambao miaka yote hiyo ulikuwa kwetu London, maili 100 kutoka mlango wake, tuliukabidhi kwa yule bibi wa Jinja, kwa idhini ya wapangaji, na tukalipeleka jina lake kwa halmashauri kuwa ndiye mshika ufunguo. Akauliza kama na yeye atalipwa. Tulipoanza kutafuta jawabu akatuambia kwamba anatania.

Magharibi iliingia karibu na saa kumi jioni, kama ilivyo huku wakati wa baridi. Tulisali Conduit Street, tukateremka mpaka stesheni, tukarudi London katika giza. Usiku ule ulivuma upepo mkali, nasi tulilala simu zikiwa karibu na mito. Hazikulia. Asubuhi tukapata ujumbe mfupi kutoka kwa yule mama. Ulisema hivi tu: "Bi Mkubwa amelala miguu mitupu."

Ndugu wasomaji, kwa walio na nyumba za kupangisha, tunausia haya machache. Itazameni tarehe iliyo juu ya betri kabla ya kumtazama mpangaji. Fundi na aufungue mtambo kila mwaka, na asome kumbukumbu zake. Namba ya siri na namna ya kuizima kengele viandikwe kwa lugha wanayoifahamu watu wote wa nyumba, mpaka wazee. Msiwaagize watu kwa simu kuzima fyuzi au kukata nyaya. Mshika ufunguo awe mtu aliye karibu. Na kwa walio wapangaji: andikeni kila tukio, tarehe na saa, na msilipe kosa lisilo lenu kwa ajili ya kuona haya.

Sisi tulinunua kengele ili itulindie nyumba. Kwa wiki zile zote, aliyekuwa akiilinda ni mwanamke mzee aliyevaa koti juu ya nguo za kulalia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozitambua haki za majirani zao, na za wanaolala chini ya mapaa yao.